Vilimi Viwili vya Babu Yako

Salha mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele, na kwa ninavyomjua msusi wako, mwenye maneno marefu kuliko rasta anazosuka, sitakuona kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa duka nusu. Redio ya mtu niliyemwahidi Jumatatu nimeisukuma kando, maana sikumwambia Jumatatu ipi. Nje yule muuza dawa ya panya ameegesha mkokoteni wake hapa hapa Mtaa wa Mchikichi na kipaza sauti kinawataja panya kwa makabila yao. Katika kelele hii ndimo nitakamokuandikia, kwa sababu kukiwa kimya nitapata muda wa kughairi.

Habari za sweta, pasipoti na wapi pa kuficha pesa shangazi yako ameshakupa mara nne, na safari ya nne aliongeza mambo ya Durban ambayo hata watu wa Durban hawayajui. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi tukiwa tunakula nilikuuliza kama kesho, ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, utapita Buguruni kumuaga mama yako. Ulikuwa unachambua miba ya changu. Hukuinua kichwa.

"Baba, mtu ambaye hakukanyaga msiba wa baba yake mzazi, mimi nimuage nini?"

Nikakusogezea ndimu. Hilo ndilo jibu nililokupa, Salha, kipande cha ndimu. Jibu lenyewe ninalo tangu una miaka kumi na minne, na sasa una ishirini na sita unaenda kukaa miaka mitatu ugenini kujifunza kuunda vinanda. Mama yako si mgonjwa. Lakini miaka kumi na miwili nimeshawanyang'anya ninyi wawili, na hii mitatu sitaki nayo iingie kwenye hesabu yangu. Soma mpaka mwisho, halafu uamue kuhusu Buguruni. Na kuhusu mimi.

Babu yako, baba yake mama yako, ulimjua akiwa mzee wa kukaa tu. Mimi nilimjua akiwa na duka la vitambaa pale Gerezani, Mwarabu wa Kariakoo aliyeongea Kiswahili cha kututia aibu sisi wengine, na jioni anapiga kile kinanda. Wewe na wenzako wa mtandaoni mnakiita konsatina. Mtaani walikiita kodiani mtoto: kidude cha pembe sita kinachokaa katikati ya viganja, kina mfuko wa mikunjo unaovuta pumzi na kuitoa, na ndani vilimi vya chuma vinavyotetemeka hewa ikipita. Kwenye klabu yao ya taarabu kodiani kubwa ilikuwa ya kuonekana. Kile kidogo cha babu yako kilikuwa cha kuliza watu.

Hakunitaka. Sikulaumu mtu, ningekuwa na binti kama mama yako na akaja mtu kama mimi, ningefungulia mbwa. Nilikuwa fundi redio wa kujifunza mwenyewe. Ufundi nimeujua kwa kuharibu vitu vya watu wasiokuwa na uwezo wa kunishtaki, na cheti pekee kilichopata kuning'inia ukutani kwangu ni kalenda. Mama yako ndiye aliyesimama mbele ya baba yake akasema, huyu ndiye, ana mikono. Babu yako akanitazama mikono, akasema, "Mikono naiona. Naulizia masikio." Tukaoana hivyo hivyo. Miaka kumi na tatu aliniita Fundi, hakuniita jina langu hata siku ya Idi.

Kwa hiyo siku aliyoniletea kinanda chake mwenyewe, kimefungwa kwenye shuka, unaweza kufikiria kichwa changu kilivyovimba. Mfuko ulikuwa unavuja. Ukiuvuta unasikia mluzi wa hewa kabla ya sauti.

"Fundi, mfuko umechoka. Ziba."

"Nitakutengenezea vizuri, Mzee, kitakuwa kama kipya."

"Sikusema utengeneze. Nimesema ziba. Ziba tu."

Nikasema naam. Nilidhani anaona haya kunipa kazi kubwa, au ananidharau. Haikunijia kwamba mzee anaweza kutamka neno moja akamaanisha neno hilo hilo.

Mfuko wenyewe aliushona mama yako. Hilo nalo hukuwahi kuambiwa, kwa sababu ningeanza kukueleza kazi nzuri aliyoifanya ningelazimika kufika kwenye kazi mbaya niliyoifanya mimi. Alinunua ngozi ya mbuzi, akaiparua kwa wembe mpaka ukiiwekea kidole nyuma unakiona kivuli chake. Akakunja, akabandika mkunjo baada ya mkunjo, kila mmoja akiuacha ukauke ndani, mezani, kivulini, umebanwa kwa vibanio vya nguo. Wiki tatu. Yule mzee wa Ireland kwenye kundi lenu la mtandaoni, anayepiga picha mikunjo yake kila asubuhi kama watu wanavyopiga picha chipsi, angeiona kazi ile angeacha kutuma picha.

Alipomaliza, kinanda kilipumua kimya. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kumpelekea mwenyewe.

Lakini nilikuwa na kidude cha kupimia sauti, nilikipata kwa mpiga gitaa mmoja wa bendi, kina sindano: sauti ikiwa sawa sindano inasimama katikati, ikipungua inalala kushoto. Nikapima vitufe vyote. Vingi vilikuwa karibu karibu, uzee tu. Viwili, sauti ile ile moja ya chini na ya juu, sindano ililala kushoto kabisa. Ilipungua hapa na ilipungua pale, kiasi kile kile. Fundi mwenye akili angejiuliza, kutu gani hii yenye adabu, inayokula vilimi viwili sawasawa na kuviacha vingine vyote? Mimi nikafurahi. Nikaona nimepata ya kumwonyesha baba mkwe kwamba na masikio ninayo.

Unajua mwenyewe kilichofuata, umekifanya mara mia kwenye vilimi vyako. Ukitaka sauti ipande unakwaruza ncha. Nikachukua tupa, nikakwaruza ncha, taratibu, mpaka sindano ikasimama wima kama askari. Vumbi la chuma lililoanguka mezani lilikuwa dogo hata kwa kupulizwa. Nilifagia na ufagio wa kawaida nikaenda kuoga.

Babu yako alikuja Jumamosi baada ya alasiri. Alikaa hapa mlangoni, kwenye kile kiti cha chuma. Akauvuta mfuko, akausukuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwona anazipapasa pembe za mikunjo ya binti yake kwa kidole gumba. Akaanza kupiga ule wimbo wake wa kila siku. Akafika mahali, akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena, akasimama pale pale. Mara ya tatu hakufika, aliacha mwenyewe kabla.

"Nani kagusa sauti yangu ya kati?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ina jina. Sauti ya kati: si hii wala si ile, iko kwenye mwanya baina ya mbili, pale ambapo waimbaji wa zamani walikuwa wanaingia na kinanda cha kizungu hakifiki. Aliishusha mwenyewe akiwa kijana, na tupa yake mwenyewe, mpiga fidla wa klabu yao amekaa mbele yake akimshikia sauti. Wiki nzima kukwaruza na kusikiliza. Huyo mpiga fidla alishakufa. Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumshikia tena, na ule mwanya ulikuwa haumo kwenye kidude changu cha sindano.

Sasa soma vizuri. Mama yako alikuwa anatoka ndani na sinia la kahawa. Babu yako ananitazama mimi. Nikasema:

"Mama Salha alikianika juani, gundi iwahi kukauka. Nadhani ni joto, Mzee."

Sikupanga. Ilitoka yenyewe, laini, kama kitu nilichokuwa nimekifanyia mazoezi. Nikamwona mama yako anasimama na sinia.

Babu yako hakupaza sauti. Akamwambia, "Mwanangu, nimekuachia pumzi yangu, wewe umeenda kuianika na dagaa."

Alisubiri akatae. Na mimi nilisubiri akatae. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta uongo wa pili. Mama yako akaweka sinia chini, akapanga vikombe, akasema, "Nisamehe, baba."

Baadaye chumbani nikamuuliza, kwa ujasiri wa ajabu, kwa nini hakusema kweli.

"Ningesema, wewe ungebaki na uso gani mbele yake? Miaka yote hii namwambia una mikono." Alikuwa ananipa mgongo, anakunja nguo. "Kesho utaenda kumwambia mwenyewe."

Kesho yake sikwenda kumwambia. Nilienda kukiomba kinanda nikirekebishe kimya kimya. Kushusha sauti unakwaruza kwenye shina, na shina la chuma cha zamani kile halikuwa na nyama ya kutosha. Kilimi cha kwanza kilikatika, ti, sauti ndogo kama kuvunja njiti ya kiberiti. Cha pili nilikiwahi kabla hakijakatika, kikabaki kinalia kama mbu. Nikamrudishia, nikasema chuma kilichopigwa jua hukauka. Yaani uongo wa kwanza nikautumia kuushikilia wa pili.

Akakifunga kwenye shuka. Hakupiga tena, na mama yako akaambiwa asije nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa. Miaka miwili baadaye mzee akafa, na shuka ile bado haijafunguliwa.

Asubuhi ya msiba mama yako alinifuata nikiwa navaa kanzu.

"Baba Salha, nenda kawaambie kaka zangu kabla hawajamtoa. Ukisema, nakuja. Usiposema, siendi kulia mbele za watu nimebeba lako."

Nikamwambia, "Mama Salha, leo si siku yake."

Alinitazama, akavua ushungi aliokuwa ameshauvaa.

Nilienda peke yangu. Nilibeba jeneza, nilitia udongo kwa mikono hii, na wakati tunarudi nikasikia mtu nyuma yangu anasema, mkwe kama huyu ndiye mtoto. Nilitembea na ile sifa mpaka nyumbani. Na wewe ulikuwa ndani na wanawake, una miaka kumi na minne, unasikia shangazi zake mama yako wanavyonong'ona: moyo wa jiwe, hata maiti anainunia. Uliporudi ulimpita mama yako jikoni kama unapita kabati. Nililiona lile. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Miezi minne baadaye alihamia Buguruni, kwenye kile chumba, akaanza kushona makubazi. Watu wanadhani nilimwacha kwa sababu ya msiba. Ni yeye aliyeomba talaka. Siku anaondoka alisema hivi, na nimelibeba neno kwa neno: "Mtoto mwambie wewe. Mimi sitamwambia. Sitaki aje kumjua baba yake kupitia mdomo wangu."

Nilidhani hataweza. Binadamu gani anaweza? Kila ulipotoka kwake siku ya Idi nilikuwa nakuangalia usoni kwanza, kabla sijauliza mmekula nini. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso wako ulikuwa ule ule, unamchukia yeye. Nilikuwa napumua, Salha. Niseme nilivyokuwa: nilikuwa napumua, halafu nakununulia soda. Ulipofikisha kumi na nane ukaacha kabisa kwenda, na sikukukaripia hata mara moja. Watu wakasema, baba huyu hamlazimishi mtoto.

Usije ukafikiri leo nimeamka na roho safi. Kuna kilichonisukuma. Mwezi uliopita mjomba wako alikuruhusu kukifungua kile kinanda, maana siku hizi kinakaa kwenye kabati lake la vioo pembeni ya sahani za maua. Ukapiga picha vilimi, ukawatumia wenzako uwaulize namna ya kukifufua. Mmoja akasema atakuchongea kilimi kipya, yule kijana anayeunda cha plastiki kwa mashine akasema tupa vyote uweke vyake, mkacheka. Halafu yule mzee wa Ireland akaandika, na wewe, uliyekua ukisikia tu kwamba mama yako alikianika juani, ukanisomea hapa dukani ukitafsiri:

"Baba, sikia. Anasema jua haliwezi kufanya hivi hata kama kingekaa jangwani. Anasema hii ni tupa, mara mbili, juu na chini. Nani alikishika baada ya mama?"

Na mimi, mtu mzima, mvi hizi, nikasema, "Labda kuna fundi wa Unguja alipelekewa."

"Basi huyo fundi alikuwa mchawi," ukasema, ukakuza picha kwa vidole viwili. "Ona mikwaruzo yake, yote imelalia upande mmoja."

Imelalia kushoto, mwanangu. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Umekaa mbele ya tupa yangu tangu utotoni. Huko unakokwenda watakupa kioo cha kukuzia na bwana wa kukufundisha kusoma mkono wa fundi kwenye chuma, na siku moja picha ile itafunguka kwenye simu yako ukiwa peke yako chumba cha kupanga, mbali na kila mtu wa kumuuliza. Sikutaka unikute namna hiyo. Kwa hiyo hata ukweli huu nimeusema nikiwa nimebanwa, kama mwizi anayerudisha kuku baada ya kusikia polisi wako mtaa wa pili. Upokee hivyo hivyo.

Kile kinanda chako cha kwanza, cha mninga na vilimi vya msumeno wa chuma, ndicho kinachokupeleka huko, na nilikuangalia unakiunda bila kukuelekeza. Ulidhani nakuachia ujifunze. Nilikuwa naogopa kutia tupa kwenye kilimi mbele yako.

Umeniambia kule Durban wapigaji huhamisha vilimi makusudi, kitufe hiki kiimbe kisichopaswa kuimba, na kila mmoja ana mpango wake kichwani. Siku moja utaletewa kimoja kama hicho na mkono utakuwasha. Sitakuambia ufanye nini, una mwalimu wako wa kukufundisha. Nitakuambia tu nilichokuwa nacho moyoni siku ile mimi. Sikukosa sikio. Nilikuwa na swali moja la kumuuliza mzee: hivi ndivyo unavyoitaka? Angejibu kwa neno moja. Sikumuuliza kwa sababu nilijua pengine atasema ndiyo, na akisema ndiyo nitabaki na kazi ya kuziba tu, na nilitaka anione.

Leo asubuhi nilienda Buguruni. Ulidhani nimefuata gundi. Mama yako alikuwa ameketi nje na nyundo yake, anagongea nyayo za makubazi. Hakusimama.

"Kesho mtoto anasafiri, Mama Salha."

"Nimesikia kwa watu."

"Nitamwambia."

Akaendelea kugonga. "Umeshamwambia?"

"Nitamwandikia. Leo."

"Alaa, leo." Akatoa msumari mdomoni. "Na kinywa kimekufa ganzi?"

"Kwa kinywa nitadanganya."

Hapo akaniangalia, na sijui kama lilikuwa tabasamu. "Hiyo ndiyo kweli ya kwanza umeisema. Nenda kaandike basi, umekaa hapa unanizibia mwanga."

Nikamuuliza nikuambie nini kwa niaba yake. Akaligeuza mkononi kubazi alilokuwa akiligongea. Kisha akasema hana ujumbe. Akasema usije kwa kuwa umeandikiwa, uje kama unataka. Nilipofika kona nikageuka. Alikuwa ameweka nyundo chini, viganja viko magotini, hafanyi kitu. Miaka yote niliyoishi na mwanamke yule sijawahi kuona mikono yake haifanyi kitu.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, kisha nitakaa barazani ili ndani ubaki peke yako. Mwenye bajaji nimemwambia aje mapema kwa saa nzima kuliko tulivyopanga, na atasubiri popote utakapomwambia. Mimi sitapanda. Nikiwemo mimi, mama yako atakunyamazia kwa ajili yangu, kama alivyozoea.

Asubuhi utanikuta mlangoni na begi lako. Shikamoo yako ukiona imekukwama, usiilazimishe. Nipite kimya, nitaipokea hivyo na sitamlalamikia mtu. Lakini Buguruni ushuke. Ukifika, usimwambie umemsamehe, hana kosa. Wewe mwamkie tu, halafu umwache aseme yeye, maana zamu yake imechelewa miaka kumi na miwili.

Baba yako